Nani kaiambia TV ijiapdeti?

Mjomba Hamadi: Nani kagusa TV ya sebuleni? Dakika ya 84, Simba wana kona, skrini ikawa nyeusi. "Inasasisha, usizime." Na GB zenyewe ni za hotspot ya simu yangu, zote zimekwenda na maji!

Mama Asha: Hakuna aliyegusa, kaka. Imejiamulia 😂

Shangazi Zuhura: Bora wewe mpira. Mie juzi mteja yuko dirishani anataka kutoa laki mbili, simu ya uwakala ikajizima. Kuwaka, inahesabu programu moja moja, nami nakodoa macho tu. Mteja akaanza kuniangalia kama tapeli.

Salum: Shikamooni. Shangazi, usizikatae zote, nyingine zinaziba matundu ya wezi, na simu hiyo ina pesa za watu. Ingia Play Store, gusa picha yako juu, Mipangilio, kisha apdeti ziwe kwa Wi-Fi tu.

Shangazi Zuhura: Marahaba. Wi-Fi nitaitoa wapi hapa Makorora?

Salum: Ndo vizuri, hazitakula bando. Jumapili njoo kwangu tuzishushe kwa mpigo. Ile ya simu yenyewe ikikuuliza, iambie usiku.

Rukia (Hamburg): Huku hadi magari. Jirani yangu kakubali apdeti asubuhi, gari likagoma kuondoka mpaka imalize. Kaenda kazini na basi 🙈

Mjomba Hamadi: Gari?! Na breki nazo?

Rukia (Hamburg): Nazo, mjomba. 2018 jarida la Consumer Reports lilipima Tesla Model 3, likaona inachelewa kusimama. Tesla wakatuma apdeti kwa intaneti tu, gari likapimwa tena, likasimama karibu mita 6 mapema. Hakuna aliyeenda gereji.

Mjomba Hamadi: Na wakikosea siku hiyo? Noah yangu nashukuru haina masikio.

Salum: Wanakosea kweli. Julai 19, 2024 CrowdStrike, kampuni ya ulinzi wa kompyuta, walisambaza apdeti yenye faili bovu, kompyuta za Windows kama milioni 8.5 zikagoma. Ndege zikalala viwanjani.

Mama Asha: Hao si ndo wa kuzuia wezi?

Salum: Ndo haohao. Mie naona wangeuliza kwanza, na wangepeleka kwa wachache kabla ya wote. Jumapili saa nne basi, kila mtu aje na nywila yake ya Google.

Shangazi Zuhura: Yangu anaijua fundi wa sokoni, ndo aliyenifungulia.

Salum: 🤦🏾‍♂️ Mpigie leo.