Barabara mumeigeuza gereji, tukiomba upande mmoja wa baskeli munasema tunaua biashara

Asalaam alaykum.

Wenye gari nisomeni mpaka chini, halafu ndio munitukane. Nina hasira tangu Jumatano na hazijanishuka.

Mie napeleka boflo. Natoka tanurini alfajiri, tenga nyuma, mfuko mwengine nimeutundika kwenye usukani, nazungukia maduka ya huku Ng'ambo, Unguja mjini, mpaka karibu na Darajani. Saa mbili nshamaliza raundi ya kwanza, narudi kujaza ya pili. Miaka tisa sasa, na baskeli ile ile ya Phoenix, keria tu ndio nimebadilisha.

Raundi ya kwanza raha. Balaa ni ya pili. Barabara yetu (siitaji, wanaopita wanaijua) upande wa kushoto wote umelazwa gari, kuanzia mskitini mpaka duka la mwisho la vitambaa, pua kwa mkia, hata paka anazunguka. Sasa baskeli ipite wapi? Inapita kwenye kijia kilichobaki baina ya milango ya gari zilizolala na daladala inayokupigia honi mgongoni. Upana wake mabega yangu, basi.

Jumatano saa mbili u nusu nikafunguliwa mlango. Niliuona mkono kwanza, mkono wa mtu ndani ya gari ya kijivu unatafuta kitasa, na kabla sijakamata breki mlango ushafunguka wote. Ukanipiga vidole vya kushoto, usukani ukageuka, nikaenda chini upande wa kulia, yaani kwenye njia ya gari. Daladala iliyokuwa nyuma ikafunga breki. Harufu ya tairi nimeipata nimelala. Boflo zimetawanyika, nyengine zimeviringika chini ya gari, moja imekaa katikati ya lami wima kabisa, kama ipo dukani inangoja mteja. Utingo ndie aliyeninyanyua, Mungu ambariki. Mwenye gari akashuka. Neno lake la kwanza: "Huoni?" La pili hakunambia mimi, alijisemea mwenyewe huku anapitisha kidole kwenye ubavu wa mlango: "Lo, rangi imechunika."

Waingereza, ambao gari zao usukani uko kulia kama zetu na wanapita kushoto kama sisi, mwaka 2022 walitia kwenye kitabu chao cha kanuni za barabarani kwamba dereva akitaka kushuka afungue mlango kwa mkono ulio mbali na mlango. Yaani kwa sisi mkono wa kushoto. Ukifanya hivyo mwili unageuka wenyewe na macho yanatazama nyuma, utake usitake. Haina bajeti, haina mfadhili. Jaribuni leo mukifika nyumbani.

Lakini yangekuwa hayo tu ningemwachia Mola. Kilichonipandisha ni kikao cha shehia cha Jumamosi. Bibi mmoja, mwalimu mstaafu, mjukuu wake anakwenda skuli kwa baskeli, akasimama kwa adabu zake akasema: jamani, ule upande wa kushoto tu, maegesho yaondoke, pawe njia ya baskeli. Upande wa kulia ubaki kama ulivyo. Basi! Kama kasema mskiti uvunjwe. "Munataka kutuulia biashara!" "Wateja wetu washukie wapi?" "Hapa si Ulaya!" Yule bibi akakaa chini, na mie niliyekuwa na vidole vimefungwa bandeji nikanyanyua mkono mara mbili sikupewa nafasi. Ndio nimekuja kusema hapa.

Tusemezane kweli. Munasema gari zile ni za wateja. Mie napita pale kila siku isipokuwa Ijumaa, gari nazijua kwa sura. Ile yenye stika ya Masha Allah. Ile ambayo taa yake ya nyuma imebandikwa solotepu nyekundu. Ile iliyovishwa turubali tangu kabla ya Ramadhani, mpaka majani ya mwarobaini yameota ukungu juu yake. Wateja gani hao wanaohamia dukani? Ni gari zenu wenyewe wenye maduka, na za jamaa zenu, zinaingia asubuhi zinatoka baada ya Maghrib. Mteja wenu anakuja kwa daladala, kwa vespa, kwa miguu yake. Na yule mmoja anaekuja na gari hapati pa kuiweka, kwa sababu nafasi mumeikalia nyinyi! Halafu mauzo yakishuka alaumiwe muuza boflo.

Gari moja iliyolala inakula kama mita tano kwa mbili na nusu. Hapo baskeli kumi zinaegeshwa bila kugombana. Fanyeni hisabu wenyewe, nyinyi si ndio wafanyabiashara.

Jambo moja nawapa: gari za mizigo. Marobota ya vitambaa hayaji kwa keria, najua. Basi zishushe asubuhi mapema, kabla ya saa mbili, halafu ziondoke. Na mgonjwa au mzee asieweza kutembea hakuna atakaemkataza kushushwa mlangoni. Kushusha ni dakika tano, sio kulala mchana kutwa.

Hilo la Ulaya sasa. Huko Uholanzi munakokusema hawakuzaliwa na njia za baskeli. Mwaka 1971 barabara zao ziliua watu zaidi ya 3,000, na katika hao watoto walizidi 400. Wazee wakaingia njiani na watoto wao, wakaziba barabara, harakati yao wakaipa jina bila kupindapinda: acheni kuua watoto. Mwaka 1973 mafuta yakaadimika duniani, Jumapili gari zikapigwa marufuku, watu wakatoka nje wakauona mji wao ulivyo bila ya gari. Njia zao zimetokana na ugomvi, tena ugomvi mkubwa kuliko wa kikao chetu, na wenye maduka wa kule nao walipiga kelele hizi hizi.

Mtu akanambia huku kwetu jua kali mno kwa baskeli. Sevilla, Hispania, kiangazi joto linafika digrii 40, sisi hata mwezi wa pili hatuzifiki. Wao kuanzia 2006, kwa miaka michache tu, wamejenga kama kilomita 80 za njia za baskeli, na nafasi za kuegesha gari ziliondoshwa. Mbona hawajayayuka.

Na kwani hapa petu mji haujawahi kubadilishwa? Pale Darajani palipewa jina hilo kwa sababu palikuwa na daraja, na chini ya daraja maji ya bahari yakijaa na kupwa. Mji ulikuwa upande, ng'ambo upande. Maji yakafukiwa, leo ni barabara na watu wanauza mitumba juu yake. Mji umeweza kuifukia bahari, unashindwa kuhamisha gari ishirini?

Watu nao hawapungui. Sensa ya 2012 Mkoa wa Mjini Magharibi tulikuwa 593,678. Ya 2022 tumefika 893,169. Laki tatu wameongezeka, barabara yetu iko pale pale baina ya kuta zile zile. Kila mmoja akija na gari yake, mutazipanga juu ya mabati?

Ila wahusika nao nawaonya mapema: mukitupa njia hiyo, musitupe rangi tu. Mstari mweupe hapa kwetu ni pambo. Wiki ya kwanza utakaliwa na bodaboda, ya pili na gari ya madafu, ya tatu na ile ya kijivu. Tiani vijiti vya saruji, tiani matofali, tiani hata vyungu vya maua, kitu ambacho bampa ikikigusa itajuta. Na mtaro ule uliokosa mifuniko uzibeni kwanza, msije mkatutoa kwenye milango mkatutia kwenye shimo.

Wanaosema baskeli ni za masikini sijawajibu na siwajibu. Boflo ya chai ya asubuhi munaila wote.

Nataka wenye baskeli wengine waseme hapa: wauza samaki munaotoka Malindi na matenga, wanafunzi, mafundi. Nani mwengine kafunguliwa mlango, na ilikuwa wapi? Kikao chengine ni Jumamosi ijayo baada ya Laasiri. Tukifika watatu watatupuuza kama walivyompuuza yule bibi. Tukifika thelathini na baskeli zetu, tukaziegesha pale nje, hata viatu watakosa pa kuvulia.

Na wewe wa gari ya kijivu, ukiwa unasoma: rimu ya mbele elfu kumi na nane, boflo 37, na kucha moja. Kucha nakusamehe. Hizo nyengine napita hapo kesho saa mbili u nusu, kama kawaida.