Bibi kwenye lifti hapa Muscat kaniuliza "huoni baridi?" Alikuwa ananisema?

MtotoWaMeru

Shikamooni wakubwa, na wenzangu habari za saa hizi. Nina wiki ya tatu Muscat. Nimekuja kwa kazi ya mapokezi hotelini. Nakaa Ruwi, ghorofa ya sita, chumba kimoja na binti wa Kifilipino. Kazini sina shida, sare wametupa: suruali, shati la mikono mirefu na koti. Shida inaanza nikishaivua hiyo sare.

Juzi saa nne usiku maji ya kunywa yakaisha. Nikashuka duka la hapo chini vilevile nilivyokuwa ndani: kaptula ya jinzi na kiblauzi cha kamba. Nikajiambia ni dakika tano tu, nani ataniona. Muuza duka ni kijana wa Kihindi, siku zote hunitania. Siku hiyo chenji yangu kaiweka juu ya kaunta, hakunipa mkononi, na macho hayakubanduka kwenye kikokotoo mpaka nikaondoka. Nikadhani kagombana na bosi wake.

Kurudi, kwenye lifti nikamkuta bibi mmoja na mjukuu wake wa kiume wa miaka kama saba. Bibi kavaa abaya nyeusi, hina kwenye vidole, kashika mfuko wa ndizi. Mimi niko kwenye simu na dada yangu, nalalamika kwa sauti kubwa kwamba joto la huku linakutamanisha kujichuna ngozi. Bibi kimya. Ghorofa ya nne mlango ukafunguka, akamtanguliza mjukuu, akanigeukia, akasema kwa Kiswahili kilichonyooka kuliko changu: "Mwanangu, huoni baridi?" Akaenda zake.

Jamani, nje ilikuwa nyuzi 38 usiku ule!

Tangu hapo nikisikia lifti inakuja napanda ngazi. Alikuwa ananisema, au wazee wa huku damu yao ni nyepesi? Mimi ni Mlutheri, je, natakiwa kufunika kichwa nikitoka? Ninunue abaya? Mwenzangu wa chumbani anasema nikivaa abaya nitaonekana naigiza. Begi langu lina madera manne, magauni matatu ya kitenge, jinzi mbili na hizo kaptula. Nisaidieni kabla sijatumia mshahara ambao bado sijaupokea.

---

Mama Salha

Marahaba mwanangu. Alikusema. Tena kakusema kwa adabu kubwa, hata mjukuu hakujua kwamba umesemwa. Mimi mtu wa Jambiani, na kwetu "huoni baridi?" maana yake ni moja tu: rudi ukavae.

Nina miaka 14 hapa Muscat, nashona nguo za kike, kwa hiyo haya ya mabega na magoti ndiyo yanayonilisha. Ila kabla ya nguo nikwambie jambo lililo muhimu kuliko nguo: Kiswahili si lugha ya siri mji huu. Baada ya Mapinduzi ya 1964, na zaidi tangu 1970 Sultan Qaboos aliposhika nchi na kuwaita wenye asili ya Oman warudi, watu chungu nzima walitoka Unguja na Pemba wakaja hapa na Kiswahili chao. Utawakuta benki, hospitali, soko la Matrah, uhamiaji. Bibi yako huyo huenda kazaliwa Wete. Nimewaona vijana wetu wawili mgahawani wakimcheka mzee mmoja kwa namna alivyofunga kilemba, neno kwa neno, mpaka kejeli za nyumbani zikawaishia. Mzee alipoondoka walikuta kashawalipia chai. Nadhani mpaka leo wanaitapika.

Haya, nguo. Kichwa huambiwi ufunike. Mgeni asiye Mwislamu hana sheria inayomlazimisha mtandio wala abaya, na utawaona Wahindi na sari zao na Wafilipino na jinzi zao wanaishi kwa amani. Kinachotazamwa ni mabega, kifua na magoti, na nguo isiwe imekushika kama ngozi ya pili. Usidhani ni maneno ya wazee tu, maana Sheria ya Jinai iliyotoka 2018 inamgusa pia anayejitokeza hadharani bila haya. Lakini katika miaka yangu yote sijaona polisi akimsimamisha mwanamke kwa ajili ya gauni. Huku watu hawakukamati. Wanaacha kukutazama. Yule Mhindi wako hajagombana na bosi. Alikuwa anakustahi: hakutaka kukugusa mkono wala kuonekana na mteja mwingine akikukodolea macho ukiwa vile.

Madera yako sasa. Hapo ndipo wengi wetu tunapojikwaa, maana dera ni refu, tunaona limemaliza kazi. Simama mlangoni saa nne asubuhi, jua likiwa mgongoni, mwambie huyo Mfilipino akae ndani akutazame. Akiona miguu yako ilivyopangana, hilo dera ni la kulalia. Livalie gagulo ndani, la pamba, si la nailoni, litakuunguza. Au niletee, nalitia bitana kwa rial 2 na nusu.

Magauni ya kitenge ndiyo nguo bora uliyobeba, kama mikono inafika kwenye kiwiko. Yasipofika, usiyakate wala usiyatupe, vaa shati jepesi ndani au juu. Jinzi vaa na blauzi inayoshuka mpaka mapajani. Kaptula ni za chumbani kwako, na ukienda bwawa la kuogelea la hoteli kubwa, humo ndani hakuna wa kukuuliza. Ukitoka tu kwenye lango la hoteli, jifunike.

Kuna mahali ambapo hata gauni lako zuri halitatosha. Msikiti Mkuu wa Sultan Qaboos asiye Mwislamu anaruhusiwa asubuhi, saa 2 mpaka saa 5, isipokuwa Ijumaa, na pale mwanamke anafunika nywele, mikono mpaka kwenye kifundo na miguu mpaka chini. Nenda, usiache. Lile zulia peke yake ni mita 70 kwa 60, limefumwa kwa mkono, mimi fundi nilipolitazama nilirudi nyumbani nikaionea haya cherehani yangu. Wadi nako, yaani yale mabonde ya milimani yenye maji, kama Wadi Shab, mwanamke haogi na chupi mbele ya familia za watu. Wenyeji wanaingia majini na nguo zao kamili, nawe ingia na suruali nyepesi na fulana. Ramadhani zidisha stara kidogo, na mchana usile wala usinywe njiani, hilo lina sheria yake.

Abaya ukipenda vaa, wapo Wakristo wanaovaa kwa sababu chini yake unaweza kubaki na nguo za kulalia na hakuna anayejua. Hilo si kuigiza. Lakini usiinunue kwa hofu. Nyeusi inavuta jua, na ya bei ndogo ni poliesta tupu, utatoka upele.

---

Chande wa Tanga

Mama Salha kamaliza ya kina dada. Kaka zangu nao wasikilize, maana huwa tunadhani hatuhusiki. Mimi nilikuwa dereva Sohar, miaka 6. Pensi hapo kambini sawa. Ukienda ofisi ya serikali, vaa suruali, usibishane na mlinzi. Kifua wazi barabarani eti kwa sababu ya joto, sahau.

Halafu kuna hili la kanzu. Kanzu yao na yetu ni ndugu wa baba mmoja, lakini ile ya Oman ina kile kishada kinachoning'inia shingoni, wanakitia manukato. Mwaka wangu wa kwanza nilinunua, nikafunga na kilemba juu, nikaenda harusini nikijiona sultani. Mzee mlangoni kanipokea kwa Kiarabu, salamu moja baada ya nyingine, ya wazima, ya wagonjwa, ya mvua. Mimi najibu "alhamdulillah" kwa kila swali. La nne nadhani kaniuliza kabila. Nikasema alhamdulillah. Ukumbi mzima ulicheka, na yeye alicheka zaidi, akaniketisha pembeni yake. Hawakukasirika. Lakini tangu siku hiyo navaa kanzu yangu ya Tanga na kofia ya viua, wananisalimia vizuri zaidi.

Na kofia yao ina jina ambalo siliandiki hapa. Waliokaa Oman wanalijua. Wageni, mkienda dukani kuinunua, nyoosheni kidole tu.

---

Kijiweni

Mimi siafiki. Tukienda kwao tujifunike, wao wakija Zanzibar wanatembea na vichupi mpaka Darajani, tunawauzia maji na kuwachekea. Heshima gani ya upande mmoja? Na hao Waomani si ndio wakifika Ulaya wanavua kila kitu?

---

Mama Salha

Kijiweni mwanangu, wanaotembea na vichupi Darajani si Waomani, usichanganye madeni. Ila uliyosema yamenikumbusha bibi yangu. Kibarazani kwake Jambiani alikuwa na msumari, na kwenye msumari kanga kuukuu nne, tano. Mgeni wa Kizungu akija na nguo ya kuogelea kutafuta dafu, bibi anamtupia kanga mabegani na kumwambia kwa ishara: jua kali, jua kali. Mgeni anafurahi, anashukuru, anadhani bibi kikongwe kamwonea huruma ya ngozi. Wengine walisafiri nazo hizo kanga mpaka kwao. Jirani akimwambia "bibi, zinaisha", anajibu kanga ni kitambaa, macho ya watoto hayanunuliwi.

Kwa hiyo tuliwasema. Hawakusikia, kwa sababu tuliwasema kwetu kunavyosemwa. Binti wa Meru kasemwa vilevile, na yeye anakijua Kiswahili, akalala na swali siku mbili. Sasa huyo Mzungu atajuaje?

---

Kijiweni

Hapo kwenye jua kali umenimaliza. Lakini bado nasema mamlaka zetu ziwaambie waziwazi wakishuka uwanja wa ndege.

---

Nesi wa Jeddah

Naongeza la Saudi kwa kifupi, maana wengi mnachanganya nchi hizi mbili. Nilipofika 2015, abaya ilikuwa haina mjadala, Mkristo au Mwislamu. Septemba 2019 walipofungua viza za utalii wakasema mgeni wa kike halazimiki abaya, ila avae kwa stara. Wakati huohuo wakatoa kanuni za adabu za mahali pa umma, makosa 19 na faini zake, na kutoka nje na nguo za kulalia ni riyali 100. Kwa hiyo ile ya kushuka dukani na pajama, dada, huku ina risiti. Kaptula nazo waliziongeza 2022, lakini ni kwa msikitini na ofisi za serikali tu. Mimi abaya yangu bado naivaa, nimezoea mifuko yake.

---

Chande wa Tanga

Kuna jambo linanichekesha kila siku. Wanawake wa Kibedui kule Sharqiya wanavaa kile kifuniko cha uso chenye mdomo kama wa ndege. Jina lake kwetu ni barakoa. Neno hilohilo. Bibi zetu wa Unguja walikuwa wanalijua kabla ya korona, tukaja kulitoa kabatini 2020 tukadhani limetungwa jana.

---

MtotoWaMeru

Nimerudi na mrejesho. Asanteni sana, hasa Mama Salha na Nesi. Kaka Chande, jina la ile kofia nimeshaambiwa na muuza duka, nilitoka mbio.

Jaribio la jua nimefanya. Madera matatu kati ya manne yamefeli. Mwenzangu alicheka akakaa chini, akaenda kupima na gauni lake mwenyewe, nalo likafeli.

Jana jioni nikavaa gauni la kitenge la mikono mirefu, lile la bluu lenye mikia ya tausi, na mtandio shingoni, si kichwani. Nikasimama kwenye lifti nikapanda na kushuka mara mbili kama mwendawazimu, mpaka nikamkuta. Nikamwambia "Shikamoo bibi." Kaitikia "Marahaba mwanangu, leo umepata blanketi?" Tukacheka mpaka ghorofa yake ikapitwa, tukaishia juu kwangu.

Kumbe kazaliwa Chake Chake, kaja huku akiwa na miaka 20. Aliingia ndani, akakaa, akashika pindo la gauni langu, akaligeuza kutazama upande wa ndani, akanusa. Nikajua sasa linakuja somo la pili. Akaniuliza: "Hiki cha Kongo au cha Dar?" Nikamwambia cha Dar, Kariakoo. Akasema vya hapa vinachujuka, yeye anataka kama hiki hiki, chenye tausi, vipande vitatu, kimoja chake na viwili vya binti zake, na nisimletee rangi ya machungwa kwa sababu mkwewe haipendi.

Pesa kashanipa, kaihesabu mara mbili. Anayetoka Dar kuja Muscat mwezi huu au ujao mwenye nafasi ya kilo 2 kwenye begi anitumie ujumbe. Tausi, bluu. Si machungwa.