Mjadala: Je, ghala la misaada liendeshwe kama ghala la mfanyabiashara?

Mleta hoja, Kigoma Mjini

Ipo hoja kwamba mashirika ya misaada yangeokoa fedha na watu wengi zaidi kama yangefuata mwenendo wa kampuni kubwa za biashara: akiba ndogo ghalani, mzigo kufika wakati uleule unaohitajika, na kila tani kufuatiliwa kutoka bandarini hadi kwa mlaji. Naikubali nusu yake. Kufuatilia mzigo ni jambo jema, na Mpango wa Chakula Duniani (WFP) ulianza kushirikiana na kampuni ya usafirishaji ya TNT mwaka 2002 ili kunufaika na ujuzi wa aina hiyo. Ninachokataa ni kulihesabu ghala tupu kuwa ufanisi.

Tuitazame Kagunga ya Mei 2015. Makumi ya maelfu ya Warundi walikimbilia kijiji hicho kilichobanwa kati ya mlima na ziwa, kisichofikika kwa gari, na kipindupindu kikazuka. MV Liemba, meli iliyoundwa Ujerumani mwaka 1913, ilikuja kuwahamisha, lakini haikuwa na gati la kuegesha. Watu walipakiwa kwenye boti ndogo hadi ilipotia nanga, wakapandishwa, ndipo safari ya saa kadhaa kuja Kigoma ikaanza. Mfanyabiashara hawezi kulaza klorini na dripu ghalani akisubiri siku ya namna hiyo, kwa sababu kwake mzigo usiotoka ni hasara. Katika kipindupindu, kisichokuwepo leo hakimsaidii mgonjwa kikifika wiki ijayo.

Mchangiaji, Kasulu

Ndugu mleta hoja, Kagunga ilikuwa dharura, lakini Nyarugusu, kambi ya wakimbizi hapa Kasulu, ipo tangu mwaka 1996. Mimi ni mfanyabiashara wa nafaka, na ningefurahi sana kama wateja wangu wote wangekuwa wameandikishwa majina, kipimo cha kila mmoja kikajulikana, na mvua zinazoharibu barabara zikaja msimu uleule kila mwaka. Chakula kikichelewa mahali kama hapo, neno dharura halina kazi. Ni upangaji mbovu. Mfanyabiashara angeshanunua mahindi na maharage ya Kasulu na Kibondo wakati wa mavuno, kabla hajafikiria kukodi lori la kutoka Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 1,000.

Mchangiaji, Kibondo

Nyote mnazungumzia mzigo, nami nauliza mteja ni nani. Dukani, mteja akichukizwa huhamia kwa jirani, na mwenye duka hujirekebisha. Kambini anayelipa yuko Ulaya au Marekani, na anayekula yuko kwenye foleni. Mama anayepunguza makopo mawili ya unga kwenye mgao wake na kuyauza apate dagaa na nyanya ametoa maoni yake kuhusu mgao, ila hayaandikwi popote. Majaribio ya kutoa fedha taslimu yaliyoanza Nyarugusu Desemba 2016 yalimpa nafasi ya kuchagua. Mwaka 2017 yakasitishwa. Kama tunaiga biashara, tuanzie hapo, kabla ya malori.

Mleta hoja

Hoja ya Kibondo ni nzito kuliko yangu, ingawa fedha taslimu zinahitaji soko lililo wazi, na masoko ya pamoja ya wakimbizi na wenyeji yalifungwa.

Kwa ndugu wa Kasulu: wewe hununua wakati wa mavuno kwa sababu fedha ni zako. Idadi ya wakimbizi ilijulikana vizuri mwaka 2017, na bado mgao ulipunguzwa kwa sababu michango ya wafadhili haikutosha. Hesabu sahihi isiyo na fedha haisogezi gunia. Hata hivyo ningekubali kambi kongwe iendeshwe kwa ratiba yako, mradi kando yake liwepo ghala dogo hapa bandarini, lenye klorini, matangi ya maji na mahema, ambalo halitahukumiwa kwa wingi wa mizigo inayotoka. Mwenye njia ya kumshawishi mfadhili alipie vitu ambavyo huenda vikapitwa na muda bila kutumika, atuwekee hapa tuijadili.