Naomba ushauri: msaada kwa mjane mwenye mtoto mlemavu, Lindi

Habari zenu wakuu. Jirani yangu huku Lindi vijijini ni mjane, ana mtoto wa miaka 9 mwenye mtindio wa ubongo. Hawezi kukaa mwenyewe. Mama akienda vibarua vya kupalilia humwacha mkekani, kaegemezwa gunia la pumba, mdogo wake akimfukuzia nzi.

Kaya yake haimo TASAF (mfuko wa serikali wa kusaidia kaya maskini), maana alihamia hapa baada ya mkutano wa kijiji kutambua kaya maskini. Mikopo ya halmashauri kwa wanawake, ile ya asilimia 10 ya mapato yake, hutolewa kwa vikundi, naye hana kikundi. Na kusema kweli, mtu asiye na uhakika wa chakula cha jioni utamkopeshaje? Barua ya mtendaji tumeshaifikisha ustawi wa jamii, tunasubiri. Hospitali ya CCBRT inayohudumia walemavu naijua, ila iko Dar na nauli ndiyo kikwazo.

Naomba kujua: kuna shirika, la dini au la kiraia, linalofika Lindi na Mtwara na kusaidia viti maalumu vya watoto kama huyu? Na kaya iliyokosa utambuzi yaweza kuombewa sasa, au mpaka utambuzi mwingine? Mwenye uzoefu anielekeze pa kuanzia.