Kurushiana vitabu kwa simu: wizi au kusaidiana? Wasomaji wa Kigoma njooni

Mwana wa Gungu: Wakuu, mwakeye. Juzi kwenye kundi letu la kusoma jamaa karusha Dunia Uwanja wa Fujo ya Kezilahabi nzima. Kapiga picha ukurasa kwa ukurasa, kwingine kidole gumba chake kimeziba mstari. Nusu ya kundi wakamwombea baraka, nusu wakamwita mwizi, kiongozi akafuta zote usiku huohuo na wengine hatujafika hata katikati. Naleta hapa ili tusigombane kule: huu ni wizi au ni kusaidiana? Mimi niko upande wa kidole gumba. Kigoma hii kitabu cha shule utapata, msahafu utapata, Biblia utapata, na vile vya kukufundisha utajiri vimetandazwa chini kwenye turubai. Riwaya isiyo ya mtaala unaagiza Dar, zaidi ya kilomita 1,200, na nauli ya kifurushi inakaribia bei ya kitabu. Karibuni, ila matusi hapana.

Fundi Saa: Matusi hapana, povu ruksa.

Mama wa Ujiji: Wizi ni wizi hata ukiupiga picha vizuri. Kezilahabi amefariki 2020, juzi tu, mmeshagawana mali yake. Na hoja ya bei naomba muiache, maana bando la wiki mnanunua bila kulalamika. Tena mkipata kitabu cha bure mnasoma nini? Wapelelezi wa riwaya, Joram Kiango na Willy Gamba. Bastola, warembo, gari limelipuka. Huko si kusoma, ni kutafuna karanga.

Kijana wa Katonga: Mama, shikamoo kwanza. Nakuheshimu, lakini hilo la karanga lifute. Ben Mtobwa ni mtu wa Kigoma hii hii. Kafariki 2008 na mpaka leo ukimtaja Joram Kiango kwenye kijiwe chochote watu wazima wanaacha bao. Mimi shuleni nilikuwa naogopa kitabu. Siku moja nikaokota Salamu Toka Kuzimu kwa kinyozi, haina jalada wala kurasa za mwisho. Nilisoma nimesimama, zamu yangu ya kunyolewa ikapita na sikujua. Mwisho wake nilisimuliwa na kinyozi huyohuyo, na nina shaka aliutunga. Bila hizo karanga nisingekuwa hapa nabishana na wewe kuhusu vitabu.

Mama wa Ujiji: Sifuti.

Mzee wa Behewa: Vijana msichanganye. Joram Kiango ni wa Mtobwa. Willy Gamba ni wa Elvis Musiba.

Kijana wa Katonga: Mzee, hakuna aliyechanganya.

Mzee wa Behewa: Nasema tu. Sasa nisikilizeni. Enzi zetu za treni, Kigoma mpaka Dar, safari ndefu na taa za behewa hazina nguvu, riwaya moja tulikuwa tunaichana. Ndiyo, tunaichana! Mwenye kitabu akimaliza kurasa za mwanzo anazing'oa anampa wa jirani, jirani akimaliza anapeleka kiti cha nyuma. Tukifika Tabora kitabu kimo kwenye mikono ya watu sita, kila mtu na kipande chake, na wa mwisho anawapigia kelele wa mbele waharakishe. Kuna mama alishuka Uvinza na sura tatu za katikati. Hakuna aliyetuita wezi. Hilo la picha lina tofauti gani?

Mwana wa Gungu: Mzee umeupiga mwingi. Hiyo ndiyo hoja yangu.

Mwalimu wa Kasulu: Tofauti ipo, Mzee wangu. Kile kitabu chenu kilikuwa kimoja na kilibaki kimoja, tena kikaisha. Picha moja inazaa mia kabla ya jioni. Kisheria pia, Sheria ya Hakimiliki ya 1999 iliweka uhai wa mwandishi na miaka 50 baada ya kifo chake. Kwa hesabu hiyo Shaaban Robert, aliyefariki 1962, muda wake ulikwisha mwaka 2012. Rusheni Kusadikika mpaka simu zichoke. Kezilahabi mpaka 2070.

Fundi Saa: 2070 mimi nitakuwa sisomi, nitakuwa nasomewa.

Dagaa Mkavu: Kusadikika tulilazimishwa shuleni. Namkumbuka Karama na wale wajumbe sita, na fimbo. Hata kikiwa bure sikitaki.

Mwalimu wa Kasulu: Kisome sasa bila fimbo. Nchi inayoelea angani, mtu anashtakiwa kwa kutaka kufundisha uanasheria, halafu utetezi wake wote ni kusimulia visa vya waliotumwa huku na huko wakarudi na hekima wakafungwa. Nilikirudia ukubwani nikacheka pale ambapo zamani nilikuwa nasinzia.

Mjukuu wa Isike: Napita tu kutoka Tabora. Nilijua Kigoma ni mwisho wa reli, kumbe na mwisho wa kusoma! Watani zangu, huku sisi vitabu ni jadi. Nyerere kasoma Tabora Boys, karudi kafundisha St. Mary's hapahapa, baadaye kamtafsiri Shakespeare, Juliasi Kaizari na Mabepari wa Venisi. Tippu Tip, ambaye baba yake alikuwa na makazi hapa Unyanyembe, kaandika maisha yake mwenyewe kwa Kiswahili cha herufi za Kiarabu kabla babu zenu hawajajua kalamu. Nyie endeleeni kupiga picha vidole.

Kijana wa Katonga: Nyerere alisoma Tabora, hakukusomea wewe.

Mama wa Ujiji: Kwa mara ya kwanza leo nakubaliana na Katonga. Na wewe mtani, unajivunia Tippu Tip? Mtu aliyepitisha binadamu wenzake na pembe za ndovu katika njia hizi? Kitabu chake nimekisoma. Anahesabu pembe kwa frasila, vizuri kabisa, hakosei. Watu anawataja kama mizigo. Kama hiyo ndiyo jadi yenu ya kusoma, kaeni nayo.

Mjukuu wa Isike: Mama, sikumsifia. Nimesema aliandika. Na Ujiji yenu ilikuwa soko la biashara hiyohiyo, msijitie usafi.

Mama wa Ujiji: Sijasema Ujiji ni safi. Nimekaa hapa maisha yangu yote, njia ile ya miembe naijua. Wewe ndiye umeleta jina lake kama kikombe cha mpira.

Fundi Saa: Stanley mwenyewe alipokuja Tabora 1871 alikuta vita vya Mtemi Mirambo, akapigwa, akatafuta njia ya kupita pembeni. Kisa cha kitabu kilichomtajirisha alikipata alipomkuta Livingstone Ujiji. Naongeza tu kuni.

Mjukuu wa Isike: Basi Stanley ni wenu, mchukueni, hatumdai.

Kijana wa Katonga: Na jina ulilojipa, mtani, umelifikiria? Isike, mtemi wenu wa Unyanyembe, alilipua ghala lake la baruti 1893 Wajerumani walipovunja ngome. Mtobwa angeandika hivyo, Mama wa Ujiji angesema karanga.

Mjukuu wa Isike: Hapo umenishika kidogo.

Mtunzi wa Mwanga: Samahani, naomba niseme maana mimi ndiye mnayemjadili bila kujua. Naandika hadithi kwenye simu. Sehemu za mwanzo bure, baadaye buku moja unaungwa kwenye kundi la waliolipa. Jioni natuma sehemu mpya, kabla sijalala nimeshaikuta kwenye makundi mengine, jina langu limekatwa. Kuna mtu alinitumia hadithi yangu mwenyewe akaniambia "soma hii kaka, huyu jamaa anajua." Sina mchapishaji, sina mshahara, sina hata jalada la kuchana kwenye treni. Buku hiyo ndiyo inanunua bando la kukutumieni. Mnaosema ni kusaidiana, mnamsaidia nani?

Dagaa Mkavu: Ni wewe?! Wewe ndiye uliyemwacha Zuhura ndani ya pipa la mawese sehemu ya 46? Tangu mfungo! Katoka au hajatoka?

Fundi Saa: Kumbe ni huyu.

Kijana wa Katonga: Halafu pipa la mawese kaka, mtu mzima anaingiaje? Mimi nimekulia kwenye mawese. Kile kifuniko hakipitishi hata kichwa cha mtoto.

Mtunzi wa Mwanga: Nimesema ni pipa kubwa. Sehemu ya 44, soma vizuri.

Kijana wa Katonga: Ya 44 ilinifikia bila mwanzo.

Mtunzi wa Mwanga: Ilikufikiaje?

Kijana wa Katonga: Tuyaache hayo.

Mwana wa Gungu: Jamani, mada.

Mama wa Ujiji: Mada ndiyo hiyo. Mnasoma vya kuokota, kichwa hamna, miguu hamna, halafu mnakosoa mapipa. Mimi nikipata hela nanunua kitabu kimoja kizima. Mwaka jana nilinunua Peponi, ile ya Gurnah aliyepewa Nobel 2021, Kiswahili chake katafsiri Ida Hadjivayanis, na kakitafsiri hasa, husikii Kiingereza nyuma ya mlango. Kijana Yusuf anachukuliwa na tajiri kwa ajili ya deni la baba yake, na yeye anadhani anakwenda kwa mjomba. Baadaye msafara unaingia bara mpaka ng'ambo ya ziwa. Nilikisoma barazani jioni, watu wanapita na ndoo za dagaa, na nikawa siwezi kuitazama hii barabara kama kawaida. Hakuna bastola kila ukurasa. Mtu anaumia taratibu mpaka wewe msomaji unaanza kujiuliza ulikuwa unafanya nini wakati anaumia. Kitabu hicho sikipigi picha, na sikiazimishi.

Mwalimu wa Kasulu: Mama umeniuza. Nakitafuta.

Kijana wa Katonga: Maelezo mazuri Mama, kweli. Ila umesema tena bastola. Kuli ya Adam Shafi ina mgomo wa wapagazi wa bandarini Zanzibar 1948, watu wanapigania ujira. Mbona hiyo huiiti karanga? Kwa sababu iliingia darasani? Kitabu kikipigwa muhuri wa mwalimu ndiyo kinakuwa chakula?

Mama wa Ujiji: Soma Nagona ya Kezilahabi ukimaliza nirudie.

Kijana wa Katonga: Nimeisoma Nagona. Chembamba kile, nikasema nitakimaliza kabla mchana haujaisha. Nilifika mwisho sijui nani kafa nani kazaliwa. Wewe uliielewa?

Mama wa Ujiji: Si kila kitabu ni cha kueleweka.

Fundi Saa: Hahaha! Jibu la waziri hilo.

Mzee wa Behewa: Mama wa Ujiji, kwa kuwa umetaja kutokuazimisha. Ile Rosa Mistika yangu ya Kezilahabi, chapa ya zamani, yenye kovu la chai juu. Ulikuja kuichukua mwenyewe nyumbani, mke wangu akakupa na migebuka.

Mama wa Ujiji: Iko salama, Mzee.

Mzee wa Behewa: Sikuuliza usalama wake.

Mjukuu wa Isike: Tabora tumekaa tunasikiliza. Endeleeni.

Mama wa Ujiji: Mzee, sasa hayo ya nyumbani unayaletaje mbele ya watani? Nitakuletea. Nilimpa binti yangu alipokwenda chuo, akampa mwenzake, mwenzake amehamia Mpanda. Kinafuatiliwa. Kuazima kwa adabu hakulingani na kurusha picha kwa watu mia.

Kijana wa Katonga: Kwa hiyo kimetoka kwa Mzee, kwa Mama, kwa binti, kwa rafiki, mpaka Mpanda. Mkono wa nne huo. Kezilahabi kalipwa mara ngapi hapo?

Mwalimu wa Kasulu: Mara moja, kilipouzwa. Na hiyo ni halali, Katonga. Kuazimisha hakunakili.

Kijana wa Katonga: Mwenye kitabu ndiye analia, Mwalimu, siyo sheria.

Mzee wa Behewa: Mimi silii. Nataka kitabu.

Mwana wa Gungu: Pendekezo. Kila mtu ataje hapa kitabu cha karatasi alichonacho na anachokitaka, tubadilishane ana kwa ana, Jumapili Mwanga, aandike jina kwenye daftari. Naanza: ninacho Mzimu wa Watu wa Kale, Bwana Msa na kiko chake, kizima. Nataka Peponi.

Mama wa Ujiji: Nimesema siazimishi.

Dagaa Mkavu: Ninacho Tutarudi na Roho Zetu, jalada limeshonwa kwa uzi. Nataka kitabu kikubwa, chochote, nina safari ya Kibondo na gari bovu.

Mwalimu wa Kasulu: Nina Kichwamaji. Atakayekichukua asome polepole. Nataka Kuli.

Kijana wa Katonga: Kuli ninayo. Lakini Mwalimu, Kasulu mpaka Mwanga Jumapili utakuja?

Mwalimu wa Kasulu: Nitampa kondakta.

Mzee wa Behewa: Kondakta hapana. Kondakta atasoma.

Mjukuu wa Isike: Tabora tunaruhusiwa? Nina Mabepari wa Venisi, kimefunikwa gazeti.

Fundi Saa: Leta na asali, tutafikiria.

Dagaa Mkavu: Mtunzi bado yupo? Zuhura je?

Mtunzi wa Mwanga: Sehemu ya 47 ipo tayari. Buku.

Dagaa Mkavu: Nina jero. Nipe mpaka anaposhika kifuniko.