Sánchez kwa Mkhitaryan, Cole kwa Gallas, Eto'o kwa Ibrahimović: nani alipigwa zaidi?

MshikaBunduki_Jinja

Wakubwa, huu ubishi tuumalize kwa hoja, maana kibandani anayeishiwa hoja huwa anaongeza sauti. Klabu mbili zikibadilishana wachezaji, anayepigwa ni nani? Nalinganisha biashara tatu.

Ya kwanza ni Januari 2018: Alexis Sánchez kwenda Manchester United, Henrikh Mkhitaryan kuja Arsenal, mtu kwa mtu. Ya pili ni 2006, siku ya mwisho ya dirisha la usajili: Ashley Cole kwenda Chelsea, sisi Arsenal tukapewa William Gallas na pauni milioni 5 juu yake. Ya tatu ni 2009: Barcelona wakawapa Inter Samuel Eto'o pamoja na kama euro milioni 46, wakamchukua Zlatan Ibrahimović.

Mimi nasema hakuna aliyepigwa kama United. Sánchez alikuwa amebakiza miezi sita kwenye mkataba, Juni angeondoka bure. Agosti iliyotangulia Manchester City walikuwa tayari kutoa kama pauni milioni 60, biashara ikafa dakika za mwisho kwa sababu sisi hatukupata mbadala. Halafu Januari anakuja jirani wa City, anatoa mchezaji mzima kwa mtu wa miezi sita! Mechi 45, magoli 5. Na siku ya kumtambulisha walimkalisha kwenye piano.

Shetani_Mbale

Wewe wa Jinja, mashabiki wenu wa hapohapo mjini si ndio waliochukuliwa na polisi Januari 2023 kwa kushangilia barabarani kutufunga sisi United 3-2, kombe mkononi na ligi bado inaendelea? Habari ya kusherehekea mapema mnaijua vizuri.

Sasa niambie Mkhitaryan aliwafanyia nini. Magoli 9 katika mechi 59. Fainali ya Europa 2019 pale Baku hakusafiri kwa sababu ya usalama wake kama Muarmenia, na hilo simlaumu hata kidogo. Lakini msimu uliofuata mlimpeleka Roma kwa mkopo, 2020 mkamwachia bure. Sisi Sánchez tulimpeleka Inter kwa mkopo mwaka huohuo wa 2019, naye akaondoka bure 2020. Wote Italia, wote bure. Ushindi wako uko wapi?

Tulichoumia ni mshahara, hapo nakubali. Ukishamlipa mtu mmoja kiasi kile, kila anayekuja kujadili mkataba mpya anaanzia pale.

MshikaBunduki_Jinja

Huo mshahara ndio hoja yangu yenyewe. Mzigo ulitoka kwetu, ukalipwa na nyinyi.

MamaKibanda_Arua

Wanangu, mimi kazi yangu ni kuwaonyesha mpira, na watu wa Arsenal nimewaona wakitoka mlangoni mwangu kama waliotoka mazishini. Hiyo ya Sánchez ni kelele tu. Msiba wenu halisi ni Cole.

Cole alikuwa na miaka 25, kijana mliyemlea wenyewe. Gallas alikuwa ametimiza 29. Na chanzo ni nini? Cole mwenyewe alieleza: alitaka pauni 60,000 kwa wiki, Arsenal wakamletea 55,000. Kwa elfu tano mkamkosa beki wa kushoto aliyekuwa bora kuliko wote Uingereza! Mkabaki kumtupia noti za bandia uwanjani. Yeye akakaa Chelsea miaka minane, akachukua ligi 2010, Kombe la FA mara nne, na Ligi ya Mabingwa 2012.

Gallas mlimpa jezi namba 10 ya Bergkamp. Beki wa kati, namba 10! Kisha unahodha. Halafu ikaja Birmingham, Februari 2008. Mapema tu Eduardo anavunjwa mguu, mnapigana mpaka mnaongoza 2-1, na dakika za nyongeza Clichy anasababisha penalti. Wenzake wanajipanga kuizuia, nahodha yeye amekwenda zake upande wa pili wa uwanja, anapiga teke mabango. Filimbi ya mwisho ikalia, akakaa chini kwenye nyasi peke yake mpaka kocha Wenger akamfuata. Siku hiyo mlikuwa kileleni. Mlimaliza wa tatu.

Na baada ya yote hayo aliondoka bure 2010, akaenda wapi? Tottenham.

Shetani_Mbale

Mama, hapo umewamaliza 😂

MshikaBunduki_Jinja

Mama, shikamoo. Lakini Cole alishakutana na Chelsea kwa siri hotelini London tangu Januari 2005, wakapigwa faini yeye, kocha wao Mourinho na klabu yenyewe. Mtu aliyeshaondoka moyoni unambakizaje? Kupata beki wa Ufaransa na milioni 5 juu, kwa mazingira yale, haikuwa mbaya.

MamaKibanda_Arua

Marahaba mwanangu. Aliondoka moyoni kwa sababu ya hiyo elfu tano.

Mhasibu_Ntinda

Mnaongelea magoli na nyasi, mmeiacha biashara ninayoipenda mimi kuliko zote: Arthur kwa Pjanić, Juni 2020.

Arthur alitoka Barcelona kwenda Juventus kwa euro milioni 72. Miralem Pjanić akatoka Juventus kwenda Barcelona kwa milioni 60. Pesa iliyotembea kweli ni tofauti yake, milioni 12. Arthur alikuwa na miaka 23, Pjanić 30. Barcelona wamechukua mzee, wametoa kijana, wamepewa milioni 12. Kwa macho ya mpira huo ni wendawazimu.

Kwa macho ya vitabu ni hivi. Ukimuuza mchezaji, faida unaiandika yote mwaka huohuo. Ukinunua, bei unaigawanya kwa miaka ya mkataba. Arthur alisaini miaka mitano, kwa hiyo Juventus wanaandika gharama ya milioni 14.4 tu kwa mwaka. Pjanić alisaini minne, Barcelona wanaandika 15. Kila upande unaonyesha faida kubwa leo, na gharama wanaitafuna polepole. Biashara ilitangazwa Juni 29. Hesabu za mwaka zinafungwa Juni 30. Mwenye macho haambiwi tazama.

Uwanjani? Pjanić baada ya msimu mmoja alikuwa Beşiktaş kwa mkopo. Arthur alikopeshwa Liverpool, akacheza dakika 13 msimu mzima. Kumi na tatu! Na 2023 Juventus walikatwa pointi 10 kwenye kesi ya hesabu za kuuza wachezaji. Kwangu mimi pale hakupigwa klabu, alipigwa shabiki aliyenunua jezi.

Bodaboda_Kasese

Mhasibu umeongea vizuri ila ya 2009 imerukwa na ndiyo kubwa. Eto'o alifunga kwenye fainali ya Ligi ya Mabingwa pale Roma, Mei 2009, Barcelona wakabeba makombe matatu. Miezi miwili baadaye wanamtoa, na pesa juu! Akaenda Inter, akabeba matatu tena.

Kilichonifanya nimheshimu siyo magoli. Ni ile nusu fainali ya marudiano Camp Nou, Aprili 2010. Thiago Motta katolewa kwa kadi nyekundu kipindi cha kwanza, Inter wamebaki kumi, na Eto'o, mfungaji wa dunia nzima, anashuka kucheza kama beki wa pembeni. Anakimbizana na mawinga. Halalamiki. Walifungwa 1-0 lakini kwao mjini Milan walikuwa wameshinda 3-1, wakapita. Ibra naye alikuwa upande wa pili, kocha akamtoa. Msimu ulipoisha akapelekwa AC Milan kwa mkopo, kisha akauzwa euro milioni 24.

Shetani_Mbale

Tusimwonee Ibra. Alifunga magoli 16 ya ligi, goli pekee la kumfunga Real Madrid Novemba ile ni lake, na Barcelona wakachukua ubingwa kwa pointi 99. Shida ni kwamba Messi alihamia katikati, na Ibra hajui kukaa pembeni. Walinunua mtu kwa nafasi ambayo walikuwa wanaifuta.

Mhasibu_Ntinda

Sentensi yako ya mwisho ndiyo ingewekwa juu kabisa ya mjadala huu. Ongeza kwamba hata Hleb, kiungo wa Barcelona, alitakiwa awe ndani ya hiyo biashara, akakataa Inter, akaenda Stuttgart. Kubadilishana kunataka watu wanne wakubali: klabu mbili na wachezaji wawili. Mmoja akigoma, yote yamekwisha.

Bodaboda_Kasese

Basi nauliza: kwa nini klabu zetu hapa Uganda hazifanyi hivyo? Pesa hakuna, wachezaji wapo.

MshikaBunduki_Jinja

Na kwetu ndiko ingefaa zaidi. Kumbuka Emmanuel Okwi, mshambuliaji wetu wa Uganda. Simba walimuuza Étoile du Sahel ya Tunisia Januari 2013 kwa dola 300,000, pesa ikawa hadithi. Mtu akarudi Kampala akachezea SC Villa, na Desemba hiyohiyo akasaini Yanga! Simba wangechukua mchezaji wa Étoile badala ya ahadi, angalau wangekuwa na miguu miwili mkononi.

Shetani_Mbale

Miguu miwili ambayo mwezi wa tatu ingedai mshahara wa Tunisia. Klabu yetu ipi ingeulipa?

Bodaboda_Kasese

Ndani ya nchi basi. Villa wampe KCCA kiungo, KCCA wampe Villa mshambuliaji.

MamaKibanda_Arua

Villa wamesubiri ubingwa tangu 2004 wakaupata 2024, miaka ishirini. Wachukulie Jogoo mmoja, yaani mchezaji wa Villa, umpeleke Lugogo kwa KCCA uone kama hiyo boda yako itafika Kasese.