Baridi yabisi, presha 164 kwa 98, na taya linauma

fundi_chumbageni
Habarini. Mimi ni fundi cherehani hapa Tanga, miaka 47, baridi yabisi mwaka wa sita sasa. Vidole vya mikono yote miwili vinavimba, na mpaka saa nne asubuhi siwezi kutunga uzi. Mwanangu hunitungia sindano tano kabla hajaenda shule, nazichomeka kwenye pazia.

Msimu wa sare za shule sikutaka wateja wanikimbie. Nikawa nameza dawa ya maumivu, diklofenaki ya miligramu 50, asubuhi na jioni, siku zikikaza naongeza prednisoloni ya dukani. Nisiseme uongo, zilinibeba: kaptula 60 zimetoka. Ila wiki mbili hizi nikipanda ngazi kwa mteja mmoja, ghorofa ya pili, natweta, na taya la kushoto linauma. Nadhani ni jino. Jana nimepima presha: 164 kwa 98. Lehemu, yale mafuta ya kwenye damu, nilipima mwaka jana nikiwa nimevimba sana, wakasema ipo chini. Sasa huu ni moyo au ni uzee tu?

mti_shamba
Pole dada. Hiyo ni baridi imeingia kifuani. Acha feni usiku, chemsha tangawizi na karafuu.

bibi_wa_wanne
Tangawizi atakunywa akitoka hospitali. Mwanangu, jino lisilouma ukitafuna, likauma ukipanda ngazi, usilipeleke kwa daktari wa meno kwanza. Nenda leo, usisubiri Jumatatu, waambie wakupime umeme wa moyo.

Nina ugonjwa wako mwaka wa 19. Moyo ulinishika nikiwa na miaka 58, na kifua hakikuuma hata kidogo. Kichefuchefu, jasho la baridi, na uchovu wa kushindwa kuepua sufuria ya wali. Nikalala nikidhani ni malaria! Sisi wanawake mara nyingi huja hivyo: taya, mgongo, pumzi.

Na hiyo lehemu isikudanganye. Uvimbe ukipamba moto, lehemu huweza kusomeka chini huku mishipa inaharibika. Kinga ya mwili inayotafuna vidole vyako haiishii vidoleni. Daktari wangu alinieleza kwamba wao wakipiga hesabu ya hatari ya moyo, mwenye baridi yabisi jibu lake huzidishwa kwa 1.5. Tangu siku hiyo presha napima mwenyewe nyumbani.

duka_la_kona
Nimeuza dawa miaka 22, niseme kweli. Diklofenaki hupandisha presha na huongeza hatari ya shambulio la moyo; kwa dalili hizo usimeze nyingine. Prednisoloni nayo hupandisha presha na sukari, lakini kama umeitumia kwa wiki kadhaa usiikate ghafla, mwili umeizoea. Umekunywa ngapi, kwa siku ngapi? Beba pakiti zote uwaonyeshe.

Halafu ulizia methotrekseti, kama hujawahi kupewa. Humezwa mara moja kwa WIKI, si kila siku, pamoja na foliki asidi, na damu hupimwa mara kwa mara. Hiyo inazuia ugonjwa wenyewe usiendelee kuharibu viungo. Ulizokuwa unameza zinakutulizia uvimbe na maumivu kwa muda tu.

mti_shamba
Shangazi yangu alikuwa na baridi yabisi ya moyo tangu mtoto, ndiyo hiyo?

duka_la_kona
Hapana, ile huanzia kwenye maambukizi ya koo utotoni na huharibu vali za moyo. Watu huziita jina moja, ndipo zinapochanganywa.

fundi_chumbageni
Shikamoo bibi. Nimelazwa tangu jana jioni, naandika kwa kidole gumba. Umeme wa moyo umeonyesha damu haifiki vizuri upande mmoja. Pakiti nilizibeba kwenye mfuko wa rambo, daktari akazimwaga kitandani akazihesabu moja moja, hakusema kitu. Nimeona aibu. Jino hawajaliangalia kabisa.

Kuna fundi yeyote wa Tanga humu? Nimebakiza sketi 14, zimeshakatwa, bado kupiga pindo na zipu.